Tufe la Mvule la Mama Eucabeth

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama yetu Eucabeth Nabalayo, muuza vitambaa wa Mafubira, Jinja, aliyetuacha wiki iliyopita. Mama huyu alicheza boling. Ndiyo, boling: unaviringisha tufe zito sakafuni, linaangusha pini za mbao.

Mchezo huo alifundishwa na mumewe, Joash Wasike, fundi wa magari. Jumamosi walikwenda klabu pamoja. Walitumia tufe moja tu, la Wasike. Matundu yake ya vidole yalitobolewa kwa kipimo cha mkono wake mkubwa. Vidole vya Eucabeth vilipwaya humo ndani, lakini alilipenda hilo hilo.

Mwaka 1974, wakati wa utawala wa kijeshi, askari walimchukua Wasike akiwa kazini. Hakurudi. Mama Eucabeth alikwenda kambini kuuliza. Afande mmoja alimsindikiza hadi barabarani, akamwambia polepole, "Mama, usiulize tena. Una mtoto." Mama alisema siku zote kwamba afande yule alimtendea wema.

Aliendelea kucheza na tufe la Wasike mpaka likapasuka kwenye matundu. Madukani siku hizo hata sabuni ilikuwa shida, sembuse tufe. Basi akalipeleka Mbale, kwa Yekosofati, seremala wa Namakwekwe aliyekuwa na mashine ya kukereza mbao. Betty, binti wa Mama Eucabeth, alikuwepo. Ananiambia:

"Fundi alichagua mvule iliyokauka vizuri. Akakereza mpaka ikawa duara safi. Halafu akauliza, 'Mama Betty, napima mkono ya nani? Kama napima ya mzee, wewe itakusumbua. Kama napima yako...' Hakumaliza. Mama alikuwa anaangalia chini."

Mnaelewa, wasikilizaji wapendwa. Kupima mkono wake mwenyewe kulikuwa ni kukubali kwamba Wasike harudi.

Yekosofati akalipangusa tufe, akampa bila tundu hata moja. "Peleka hivi hivi," akasema. "Siku utajua, leta. Mimi niko."

Kwa miaka, Mama Eucabeth aliliviringisha kwa mikono miwili, ameinama kama mtoto. Ouma, mchezaji mwenzake, alimtania: "Mama Betty, hiyo ni boling ama unasukuma ng'ombe?"

"Ng'ombe amefika, Ouma. Wewe hesabu pini."

Mwaka 1979 utawala ule ukaanguka. Magereza yakafunguliwa. Wanaume wakarudi Mafubira wamekonda, majirani wakawapikia uji. Mama Eucabeth aliacha taa ya mlangoni ikiwaka. Wasike hakurudi. Mwaka mzima ukapita, hakurudi.

Ndipo akalibeba tufe hadi Mbale. Betty anasema: "Fundi alilipokea tufe. Alileta udongo laini wa kuchukulia kipimo. Mama akabonyeza vidole vyake, vyake mwenyewe. Kisha hakuvitoa. Fundi akazima mashine, akavuta kigoda, akakaa naye."

Betty, mwanangu, wewe na watoto wako, poleni sana. Mungu awashike mkono. Na sisi tunaosikiliza, tufikirie. Pengine nyumba ya pili kuna mtu anayemngoja mtu ambaye sisi tumeshaacha kumngoja. Tusimharakishe. Tumpitie leo, tumsalimu, na akitaka kutuambia jina la mtu wake, tumsikilize mpaka amalize.