LaRue Oldroyd: Miaka Thelathini na Sita ya Kukataa Tairi Kubwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, saa kumi na moja jioni, LaRue Oldroyd atavua koti lake la buluu, atalitundika kwenye msumari ulio nyuma ya kaunta, na kuondoka katika Duka la Matairi la Christiansen hapa Price, Utah, akiwa ametimiza miaka thelathini na sita na karibu miezi mitatu kazini. Alianza Jumatatu, tarehe 6 Machi 1989. Katika muda wote huo amekosa kazi siku kumi na moja tu. Saba kati ya hizo alikuwa amejifungua mtoto wake wa mwisho, na hata hapo alipiga simu kutoka kitandani kuuliza kama matairi ya theluji yameshaletwa.

Hakuja kuuza matairi. Alikuja kupokea simu. Mumewe, Dell, alikuwa ameumia mgongo katika mgodi wa makaa ya mawe majira yale ya baridi, na kila mtu wa mji huu anajua mke hufanya nini mgongo wa mume unapokataa. Boyd Christiansen, mwenye duka, alimpa kiti, simu na daftari. Baada ya miezi mitatu LaRue alikuwa amekariri namba zote zinazoandikwa ubavuni mwa tairi, upana wake, kimo chake, rimu inayolifaa na uzito linaoweza kubeba, kama wengine wanavyokariri nyimbo za kanisani. Mwaka wa pili mafundi walianza kumwuliza yeye. Mwaka wa tatu Boyd alikiondoa kile kiti, maana hakuna aliyewahi kumwona akikikalia.

Wateja walikawia zaidi kumzoea. Wanaume waliingia, wakachungulia juu ya bega lake na kuuliza fundi yuko wapi. LaRue aliwajibu kwa adabu kwamba fundi yuko nyuma, na kwamba wakimwita atakuja hapa kaunta kumwuliza yeye. Wachache walijaribu. Fundi akaja, akauliza.

Kisha ikaingia ile homa ya kunyanyua magari. Wenye magari ya milimani walianza kuinua pua ya gari ili ilingane na mgongo, na wengine wakalinyanyua gari zima inchi tatu, inchi nne, mpaka mbwa akashindwa kurukia ndani. Gari likishanyanyuliwa, tairi la zamani huonekana dogo kama kiatu cha mtoto kwenye mguu wa baba, na mwenye gari huja mbio kutafuta kubwa. Hapo ndipo LaRue alipopata wito wake. Aliuliza maswali matatu bila kuinua macho kwenye daftari. Unakwenda wapi na gari hili? Unabeba nini? Nani mwingine analiendesha? Akishajibiwa alitaja kimo cha tairi kwa inchi, na mara nyingi kilikuwa pungufu ya kile mteja alichokiota usiku.

“Jicho linataka thelathini na tano,” alizoea kusema. “Gari linataka thelathini na mbili. Mimi naliuzia gari.”

Swali la tatu ndilo lililompatia sifa mjini. Dk. Neldon Searle, daktari wa meno ambaye wengi wetu tumewahi kufumba macho mbele yake, alikuja na gari lililonyanyuliwa inchi tatu na hamu ya tairi za thelathini na tano. LaRue alimweleza taratibu. Gari litakuwa zito kuondoka kwa sababu gia zake hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Mshale wa mwendo utamdanganya, utamwambia anakwenda polepole huku polisi akiona mengine. Tairi la spea halitaingia mahali pake chini ya gari. Daktari aliitikia kwa kichwa kila hoja na kusema sawa, sawa, weka hizohizo. LaRue akamwomba kitu kimoja tu, akamlete mkewe.

Bibi Searle alikuja moja kwa moja kutoka kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, amevaa gauni na viatu vya kisigino, na ufupi wake mnaujua. LaRue alikuwa ameshainua gari kwa jeki mpaka kimo ambacho tairi zile zingelifikisha. Bibi Searle alilitazama, akakunja gauni, akajaribu mguu wa kulia, akajaribu wa kushoto, akashindwa.

“Neldon,” alisema kwa upole, mafundi sita wakimsikiliza, “ukiweka hayo, Jumapili nitakwenda kanisani kwa miguu. Na kila atakayeniuliza nitamwambia sababu.”

Daktari aliondoka na thelathini na mbili. Mpaka leo anasema ni uamuzi wake mwenyewe.

Mwandishi wa maneno haya aliajiriwa mwaka 2002 kunyoosha magurudumu, kijana wa Kigiriki kutoka mji jirani wa Helper aliyedhani anayajua matairi. LaRue alimwacha adhani hivyo kwa wiki mbili, akamsahihisha kwa miaka ishirini na tatu. Kwa hiyo nilikuwapo katika jambo ninalotaka kulisimulia sasa. Mwenyewe ameniruhusu. Nilipomwuliza kama linafaa kuandikwa kwenye karatasi ya sherehe, alisema kwamba nikiliacha hilo nisiandike kitu.

Ilikuwa Ijumaa ya Oktoba 2003, siku moja kabla ya msimu wa kuwinda paa kufunguliwa. Anayeishi hapa hahitaji kuelezwa. Shule zilikuwa zimefungwa na foleni ya magari ilifika barabarani. Katikati ya foleni alikuwamo Thayne Jolley, fundi umeme wa mgodini, na gari aliloinua pua inchi mbili na nusu na kulivalisha rimu pana zilizotokeza nje. Alitaka thelathini na tatu. LaRue alimwambia kwamba kwa rimu zile thelathini na tatu litauma bodi, achukue thelathini na mbili. Thayne akasema amemwona mtu kule Huntington mwenye gari kama lake na tairi zilezile. Wakabishana kidogo, wakicheka, maana wamekua pamoja.

Tukazifunga. LaRue alizungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka. Halikugusa. Kwa kawaida angeniambia nilipandishe gurudumu moja la mbele juu ya mbao, springi ijibane kama inavyojibana njiani gari likiwa na mzigo, ndipo tuzungushe tena. Alinitazama, akaitazama foleni, akasema, “Mwache aende.”

Kesho yake alasiri Thayne alikuwa akiteremka mlimani na paa nyuma ya gari, madumu ya maji, na binti yake Jerica wa miaka tisa kando yake. Kwenye kona kali alikata usukani wote huku akikanyaga breki. Pua ya gari ikainama, tairi likapanda, na mshono wa bodi ulio nyuma ya gurudumu, ule ukingo wa bati mkali kama kisu cha jikoni, ukalichana ubavu. Tairi likapasuka. Gari likatoka barabarani, likaserereka hatua kama kumi na tano, likazuiwa na mti mmoja mzee wa mreteni. Thayne alichubuka kichwa. Jerica alivunjika mfupa wa mtulinga.

Jumatatu mji mzima ulisema ni jiwe lililopasua tairi. Thayne mwenyewe alisema ni jiwe. Mtu wa bima alimpigia Boyd na kumshauri kwamba kama ni jiwe, basi liwe jiwe, watu wafunge midomo. LaRue alichukua tochi, akaenda kwenye uwanja ambako gari lilivutwa, akalala chini yake kwenye matope. Aliporudi alikuwa na vipande vya mpira mweusi kiganjani, alivyovibandua kwenye ule mshono. Akavaa koti.

Boyd alisimama mlangoni. Ni mtu mwema Boyd, na atasoma haya, lakini siku ile alikuwa na hofu. “LaRue,” alisema, “ukimwambia, tunaweza kufunga duka.”

“Basi tutafunga tukiwa tumesema,” alijibu.

Niliendesha mimi. Hospitalini Thayne alikuwa amekaa kando ya kitanda, Jerica amelala na bega limefungwa. LaRue hakuketi. Aliweka vile vipande vya mpira juu ya blanketi.

“Si jiwe, Thayne. Ni mimi. Niliruka kipimo kwa sababu ya foleni.”

Thayne aliviangalia. Kisha akasema kwamba yeye ndiye aliyeng’ang’ania ukubwa ule.

“Kazi yako ilikuwa kutaka,” LaRue alisema. “Ya kukataa ilikuwa yangu.”

Thayne aligeukia dirishani na kumwomba aondoke. Tukaondoka. LaRue hakulia mpaka tulipofika kwenye taa za Barabara Kuu, na taa zilipowaka kijani nilikaa hapohapo, na waliokuwa nyuma yetu, Mungu awabariki, hawakupiga honi.

Duka halikufungwa. Zilikuja barua nyingi, Boyd akazijibu zote kwa ukweli, na bima ikatimiza wajibu wake. Wiki ile Dell, ambaye hakuwa akiweza hata kuinama kufunga viatu, alikata gogo la zamani la reli kwa msumeno wa mkono, akapumzika, akakata tena, siku mbili nzima. Ndilo gogo mnaloliona karibu na mashine ya kwanza. Tangu wakati huo hakuna gari lililonyanyuliwa linalotoka hapa bila kupandishwa juu yake, gurudumu la kulia kisha la kushoto, usukani umekatwa wote. Likigusa, tairi linavuliwa, mteja apende asipende.

Wengi hawakupenda. Majira yale ya baridi walikwenda kwingine, ambako hakukuwa na gogo wala mama wa kuwauliza maswali. Tulikosa kazi kiasi kwamba mafundi wawili walimaliza picha ya vipande elfu moja kwenye meza ya chai, farasi wakikimbia, na kimoja kikapotea. Theluji ilipoyeyuka wakaanza kurudi mmoja mmoja, madigadi yamekatwakatwa na tairi zimeliwa pembeni. LaRue hakumkumbusha hata mmoja. Aliwauliza wanakwenda wapi, wanabeba nini.

Thayne hakurudi. Kwa miaka minne na nusu alitupita barabarani bila kupunga mkono, na LaRue alimpungia kila mara. Ilikuwa masika ya 2008 alipoingia na gari jingine, nalo limenyanyuliwa, maana watu hawaponi homa hiyo. Aliweka funguo juu ya kaunta.

“Pima,” alisema.

LaRue alipima. Jerica, sasa binti wa miaka kumi na minne, aliomba azungushe usukani yeye. Basi akakaa kwenye kiti cha dereva, gari juu ya gogo, LaRue amelala sakafuni na tochi akimwelekeza, zaidi kulia, zaidi, hapo, rudisha. Thayne alisimama mlangoni na kofia mkononi. Walipomaliza alimpa LaRue mkono na kumwinua kutoka chini. Magari sita ya familia ile yamepita hapa tangu siku hiyo.

Mengine ni rahisi kuyahesabu. Amefundisha mafundi kumi na tisa, na wanne kati yao wana maduka yao. Kikosi cha uokoaji cha wilaya hakinunui tairi bila kumpigia simu. Kila Desemba ametuletea viazi vyake vya kuoka vyenye jibini, ambavyo huisha kabla sahani hazijapangwa, pamoja na ile jeli ya kijani yenye karoti ndani, ambayo kwa miaka thelathini na sita imekuwa ikirudi nyumbani kama ilivyokuja. Mwaka jana mwandishi alikula kijiko kimoja kwa heshima. Hatarudia.

Mwezi Julai LaRue na Dell wataendesha gari mpaka pwani ya Oregon. Hajawahi kuiona bahari. Tulikubaliana kumpa zawadi ya tairi mpya kwa safari hiyo, na hapo tukafanya kosa la kujadiliana ni za ukubwa gani. Tulibishana siku mbili, mafundi saba wenye vipimo saba. Mwishowe nilikwenda kaunta na kumwuliza kwa ujanja, kwamba kuna mteja, mama mmoja na mumewe mwenye mgongo mbovu, wana gari dogo halijanyanyuliwa, wanakwenda mbali kwa lami tupu.

Aliendelea kuandika. “Ukubwa uleule gari lilioletwa nao kutoka kiwandani,” alisema. “Na asanteni, watoto wangu.”

Mama LaRue, nasi tunakushukuru. Kuna watu wengi katika bonde hili waliofika nyumbani salama kwa sababu uliwaudhi kwanza. Wao wenyewe hawajijui, nasi hatuwajui, lakini wapo, wanakula chakula cha jioni. Tunakutakia maisha mema wewe na Dell, afya, wajukuu wenye kelele, na njia ndefu yenye mahali pengi pa kusimama.

Gus Mavrides,
kwa niaba ya mafundi wote