Hita Iliyogoma Kupanda Mlima

Asubuhi hiyo ya Julai ukungu ulikuwa umekalia Lushoto kama mgeni asiyejua kuaga, na kwenye benchi la kahawa nyuma ya soko watu walishika vikombe kwa mikono miwili. Mzee Mbaraka, mwenye kahawa yake, alichuchumaa mbele ya jiko akipulizia makaa kwa kipande cha mpira mweusi wenye tundu, urefu wa mkono. Pembeni, gari la kijiji cha ujamaa lilikuwa limefunguliwa boneti, na dereva wake, Nikodemo, alilikodolea macho kama ng'ombe aliyekataa kukamuliwa. Saa kumi alitakiwa Mombo, chini ya mlima, apokee vifaranga mia mbili vya mradi wa kina mama. Mwezi uliopita alipokea mia moja. Hita ikapuliza baridi njia nzima, na walipofungua maboksi, tisini vilikuwa vimekufa. Mwenyekiti wa kijiji hakufoka. Alisema tu kwamba vikifa na hivi, Nikodemo ataacha usukani ashike jembe. Jembe Nikodemo alilijua vizuri. Ndiyo maana aliogopa.

— Feni inazunguka, alisema. Upepo unakuja. Joto ndilo halimo.

— Utalipataje? alijibu Salimu. Huyu aliwahi kupaka grisi mashine za mkonge Muheza, miezi miwili, na tangu hapo akaitwa Mhandisi. — Mombo kuna joto, hapa kuna baridi. Kweli si kweli?

— Kweli.

— Basi joto ni zito. Linakaa chini. Gari likipanda, lenyewe linamwagikia nyuma. Ukifika Soni, katikati ya mlima, huna kitu.

Nikodemo alitaka kubisha, lakini alikumbuka kwamba baridi ilianza kumng'ata palepale Soni.

— Hapana, Mhandisi, alidakia Tobia, ambaye kijiwe kizima kilimwita Azimio, kwa sababu hawezi kuomba sukari bila kuhutubia. — Tatizo la hita hii ni la kitabaka, ndugu zangu. Imetengenezwa impulizie nani? Bwana mkubwa, kiti cha mbele! Leo unaiambia ihudumie kuku, tena wa kijiji. Itakubali?

— Nami nakaa mbele, Azimio. Miguu yangu iliganda.

— Wewe umevaa kandambili. Imekutambua.

Mzee Mbaraka alicheka hadi mpira ukamtoka mdomoni.

— Azimio, mwache mwenzio, ana shida.

— Sijamaliza, mzee. Gari hili limetoka wapi? Ulaya. Na Ulaya, Julai ni kipindi gani?

Wote wakamtazama Mhandisi, maana ndiye aliyewahi kufanya kazi na Mzungu.

— Kiangazi, alisema Mhandisi, bila kufurahi kwamba si yeye aliyeanza.

— Kiangazi! Gari linajua kwao sasa ni jua kali. Hita iko likizo! Nikodemo, wewe Januari ilikuwaje?

Nikodemo alifikiri. Januari, kule Mnazi, bondeni, hita ilimchoma miguu mpaka akaendesha ameinua magoti. Moyo wake ukaruka.

— Ilikuwa moto sana!

— Si nakwambia?

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Azimio alichomoa kalenda ya zamani ukutani kwa Mzee Mbaraka, akaifungua Januari: itundikwe mbele ya usukani, gari liione. Mhandisi, ili asiachwe nyuma, aliamua kwamba Nikodemo apande kutoka Mombo kinyumenyume; joto la injini likimwagika, limwagikie ndani.

— Kinyumenyume? Kona zote zile?

— Unataka vifaranga au unataka raha?

Nikodemo aliziona kona zote, moja moja, kwa kisogo. Kisha akaliona jembe. Akaipokea kalenda.

Hapo ndipo alipotokea Dorkasi, katibu wa mradi wa kuku, amebeba mablanketi kichwani.

— Shikamoo, Mzee Mbaraka.

— Marahaba, mwanangu. Onga makeo, aliongeza mzee, salamu ya asubuhi ya Kisambaa.

— Kaka Nikodemo, hiyo kalenda ya nini?

— Ya kitaalamu, alijibu Azimio kwa niaba yake.

Dorkasi hakuuliza zaidi. Alitua mzigo, akainama kwenye injini, kwa subira ya mtu aliyekwisha kuzika vifaranga tisini.

— Hapa kuna tundu limezibwa kwa kijiti. Na pale, kwenye kibomba kinachoingia ndani, kijiti kingine. Katikati palikuwa na nini?

Mhandisi aliangalia kikombe chake. Azimio aliangalia ukungu. Jiko tu ndilo lililosema: puu, puu.

Nikodemo aligeuka taratibu kulitazama jiko. Mnazi, Januari, miguu inaungua, fundi wa njiani anachomoa mpira, anachonga vijiti, anasema, “Sasa utapumua.” Na yeye, kwa ukarimu, anampelekea Mzee Mbaraka mpira ule, zawadi.

Mzee Mbaraka naye akaacha kupuliza. Alichomoa mpira mdomoni, akaufuta kwa pindo la kanzu, akaunyoosha mbele kwa heshima zote.

— Nilidhani wa baiskeli.

Mpira ukarudi mahali pake, ukafungwa waya. Rejeta ilihitaji maji, na maji yaliyokuwa karibu yalikuwa ya kuchemshia birika jipya la kahawa; yakaenda yote. Jiko, bila mpulizaji, likazima. Nikodemo akawasha injini, akangoja, akaweka kiganja chake mbele ya hita. Joto likaja, akaongeza na kiganja cha pili.

Alipoinua macho, Mhandisi, Azimio na Mzee Mbaraka walikuwa wameshajipanga ndani ya gari, milango imefungwa, wakibishana kama ni kalenda ndiyo iliyofanya kazi.

Dorkasi alifungua mlango.

— Shukeni, wazee wangu. Joto hili lina wenyewe.