Njia Aliyonipitisha Mzee Masele

Sogeeni karibu, wanangu. Sostenes, zima hiyo redio, na wewe Paskazia usilie kabla sijasema, kwa maana pumzi niliyobakiwa nayo nataka kuitumia kwa jambo linalomhusu mama yenu mdogo Klara, mke mwenzangu, aliyeketi hapo mlangoni.

Mwaka ule mvua zilipogoma, Sostenes ukiwa bado unanyonya, walinijia watu na mapanga mchana kweupe, wakisema macho yangu mekundu ndiyo yaliyofunga mawingu, wala hawakutaka kusikia kuwa ni moshi wa kuni. Nilikimbia nawe mgongoni hadi ukingoni mwa msitu wa matambiko, ambako mwanamke hakuruhusiwa kutia mguu. Mzee Masele, mtunza msitu, akanishika mkono. "Pita, mwanangu. Mwiko ni wangu, nitaujibia mimi." Akanipitisha njia ya wazee, chini ya miti ambayo babu zake waliikuta imeshazeeka, tukatokea upande wa Masumbwe tukiwa hai.

Niliporudi, nilisadiki kwamba Klara ndiye aliyewaonyesha mlango wangu. Miaka thelathini nimekula naye ugali sahani moja bila kumtazama usoni. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia. Kumbe nguo nilikosea.

Mwaka huu baada ya mavuno, shemeji yangu Masalu alikuja akijikongoja. "Shemeji, wale watu wa mapanga ni mimi niliyewaleta. Klara alinipigia magoti nisifanye."

Nililia, wanangu, lakini kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kesho yake nikamwomba Klara twende msituni, maana sasa kijiji kimezifungua zile njia kwa wake kwa waume, hata wageni wanakuja kutembea na kamera zao. Tulipofika katikati nikamwambia, "Nisamehe." Akajibu, "Angalia mzizi huo, utaanguka," akanishika kiuno.

Basi shikeni haya. Shamba langu linalopakana na msitu msiwauzie wachimba dhahabu, hata waje na maneno matamu vipi. Alime Klara mpaka siku zake ziishe, kisha mgawane ninyi wawili. Masalu akija msibani msimfukuze, mpeni kiti. Na Klara mwiteni mama, hilo neno mdogo liondoeni.

Niinueni kidogo... hapo, inatosha. Mungu awape mvua kwa wakati wake, na mioyo inayouliza kabla ya kuhukumu. Sasa mtoke... nimechoka vizuri. Klara, mayu, mama wa wanangu, njoo ujinyooshe hapa. Kitanda kinatutosha.