Kompresheni ya Mwanzia

Jioni hiyo kwenye benchi la Sharifu muuza kahawa, nyuma ya soko la Machakos, vyuma vilikuwa vingi kuliko vikombe. Mwanzia alikuwa ameifungua injini ya pikipiki yake ya mashindano, kuukuu kuliko yeye, isiyojua maji, ya kupozwa na upepo tu, akaitandaza juu ya gunia. Jumamosi ni mashindano ya kupanda milima ya Iveti. Mwaka jana watu wa Kinanie walimpita kwenye kona ya mwisho, na kicheko chao bado kilimuuma. Mwaka huu anapanda Winfred, bintiye, na Mwanzia hakutaka mtoto achekwe vile alivyochekwa yeye.

Dawa walishakubaliana: kuongeza kompresheni. Petroli na hewa zibanwe zaidi kabla plagi haijawasha, ndiyo mlipuko uwe na hasira. Ubishi ulikuwa ni nani amebana.

Maundu, aitwaye Injinia kwa kuwa alilinda gereji miaka mingi, alidai sifa zote ni zake. Ndiye aliyemtuma Mwanzia akaikwangue hedi, kile kifuniko cha juu ya pistoni, ili nafasi ya moto ipungue.

— Na nilimwambia akikwangua, arudie, Maundu alisema. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wewe kibaba unakipunguza, Sharifu alisema akimimina kahawa. Unajaza nini?

Mbithi, waliyemwita Mheshimiwa tangu aanguke kura ya wodi, alisema kukwangua ni kazi ya kinyozi. Yeye ndiye aliyeleta kutoka Muthetheni ile pistoni yenye kichwa kirefu. Hapo Sharifu naye akaweka birika chini. Na gasketi je? Nani alishauri itolewe, chuma kilale juu ya chuma?

Mwanzia alipuliza kahawa yake. Aliwapenda wote watatu, na hakuweza kumuudhi hata mmoja, kwa hivyo alikuwa amewatii wote, kila mmoja siku yake. Sasa aliwaambia, akiogopa watakasirika. Asi, walifurahi! Maundu alijumlisha akasema Winfred atafika juu kabla bendera haijashuka. Mbithi akaapa hatasimama mpaka Ekalakala. Sharifu alishauri afungwe kamba, asije akaachwa na pikipiki.

Winfred alifika na helmeti kwapani, akawasalimia wazee kwa heshima. Akachuchumaa, akapima kwa kidole kichwa cha pistoni, kisha tumbo la hedi.

— Baba, hapa mmekwangua, hapa mmejaza, na katikati mmetoa gasketi. Sasa huo moto utawakia wapi?

Maundu alimtazama Mbithi. Mbithi alitazama birika. Mwanzia akaifunga hedi na kuizungusha injini kwa mkono. Ikafika katikati, pistoni ikagonga hedi, ikagoma. Aliiwazia ile kona, na mtoto wake akiwa juu ya hicho chuma.

— Tutoe ushauri wa nani? Sharifu aliuliza kwa sauti ndogo.

— Wa Mheshimiwa, Maundu akasema.

— Wa Sharifu, akasema Mbithi.

Mwanzia hakuwangoja wamalize.

— Mheshimiwa, chukua pistoni yako, niko na ile ya kwanza. Na gasketi inarudi. Ya Maundu itabaki, kwa sababu kilichokwanguliwa hakioti.

Maundu alianza kutabasamu. Mbithi alinuna, akageuza uso, akanywa kahawa yake mpaka machicha. Kisha akavuta gunia karibu, akamuuliza Winfred spana iko wapi.