Karibu ya Kwanza ya Asubuhi

Mheshimiwa Mkurugenzi, ndugu wakuu wa vitengo, Mama yetu wa masjala unayetuaga leo, Baba uliyetuazima mkeo miaka yote hii, ndugu wageni waalikwa, na ninyi makarani wenzangu mliojazana kule mlangoni: habari za mchana.

Karatasi niliyoshika inatetemeka. Walio mbele wanaiona, na walio nyuma bila shaka wanaisikia. Naomba tuiache itetemeke, maneno yaliyomo hayatamwagika.

Sikuiomba nafasi hii. Mama ndiye aliyenitaja. Nilipomfuata kumsihi amtafute mwingine, alimaliza kwanza maji yake ya asubuhi, ile glasi anayokunywa kabla ya kugusa chai, kisha akaniuliza, "Mwanangu, Jumatatu nani anakaa dirishani?"

"Mimi, Mama."

"Basi Ijumaa zungumza na unaowajua, ili Jumatatu uzungumze na usiowajua."

Wageni wetu, dirisha hilo lina kioo cha kusukuma na ubao uliolainika kwa viwiko vya watu wanaokuja kuuliza majalada yao yamefika wapi. Mama amekaa hapo miaka yote hii. Mimi nimekaa nyuma yake, kati ya makabati, mahali ambapo hakuna anayeniuliza kitu. Ni hatua chache tu kutoka kabati hadi dirisha, lakini kwangu ilikuwa safari ya mbali.

Nilipoajiriwa, kila nililosema lilianza na samahani. Samahani, shikamoo. Samahani, simu inaita. Siku moja nilijigonga kwenye kiti, nikakiomba kiti samahani. Makarani wenzangu, mliniita nani? Naona mnacheka. Hata dereva alikuwa akisimama uani na kupaza sauti, "Bwana Samahani, njoo uchukue barua!"

Mama hakunicheka, wala hakunipa mawaidha marefu. Alisema, "Acha moja tu kwa siku. Ile ya kwanza, ya asubuhi. Mahali pake sema karibu. Hizo nyingine endelea nazo, hatugombani."

Je, ndugu zangu, ni nani atakayeshindwa kuacha neno moja?

Mimi nilikaribia kushindwa. Asubuhi iliyofuata Mama alikuwa amepeleka jalada ghorofani kwa miguu, kama alivyojizoeza tangu daktari alipomwonya kuhusu presha. Akaja fundi bomba, begi la vifaa begani. "Kijana, jalada langu limepatikana?" Nami, kwa furaha ya kulikumbuka neno langu, nikamjibu, "Karibu!"

Akashukuru, akaenda kuketi kwenye benchi.

Mama aliporudi alimkuta anasinzia. "Baba, unasubiri nini?"

"Jalada. Kijana kasema karibu linapatikana."

"Lipatikane mara ngapi? Si hili hapa mezani tangu jana!"

Fundi akanigeukia. "Sasa wewe, ulikuwa unanikaribisha au unanipiga kalenda?"

Samahani ilinifika mdomoni, nikaimeza. Mama akanitazama. "Hiyo samahani itoe, ina kazi yake. Na kesho sema karibu, halafu umalizie: nikusaidie nini?"

Ndivyo alivyo Mama. Jambo dogo likikwama, halitupi. Analirekebisha kidogo na kulianza tena kesho. Wengine leo watamsifu kwa mambo makubwa, nao wana haki. Mimi namsifu kwa glasi ile na kwa ngazi zile. Baba anakumbuka hofu iliyoingia nyumbani mwaka ule wa presha. Mwanzoni Mama alizipanda ngazi akipumzika kila kona. Siku hizi anazipanda akipiga soga, na sisi vijana tunamfuata tukihema, tukiitikia kwa vichwa kwa sababu pumzi ya kujibu hatuna. Je, kuna siku alisahau maji yake? Zipo. Hakujilaumu wala hakunywa mbili kufidia. Alikunywa kesho yake, basi.

Mama, jana uliniachia kiti chako. Nilikikalia, miguu ikaning'inia, nikakishusha kidogo. Natumaini hutakasirika. Jumatatu bado naiogopa, sitakudanganya. Lakini nitafika mapema, nitakunywa maji, nitasukuma kioo, na atakayesimama pale wa kwanza ataambiwa karibu, nikusaidie nini. Wa pili huenda akaambiwa samahani. Tutaanzia hapo.

Ukipata nafasi, pita siku moja. Usije kutukagua. Simama kwenye foleni, upande ule wa dirisha ambako hujawahi kusimama.

Mheshimiwa Mkurugenzi na nyote mliohudhuria, asanteni kwa kunisikiliza na kwa kuivumilia karatasi yangu, ambayo naona sasa imetulia. Na kwako Mama, unayetoka leo kwa mlango huu, nakurudishia neno ulilonipa, wala sikupigi kalenda: karibu.