Fundi Mahfoudh na Joho la Magunia ya Unga

Leo ni Jumanne, tarehe 15 Desemba 1970. Mimi nina miaka miwili na nusu tangu nilipoondoka Pangani. Fundi Mahfoudh ana miaka ishirini na tatu kwenye cherehani ya bohari letu la Matrah, bandari ya Maskati, na keshokutwa, Alhamisi, ndiyo siku yake ya mwisho kazini. Karani wetu huandika Kiarabu, lakini wengi wanaomuaga Fundi hucheka kwa Kiswahili, kwa hiyo kalamu nimepewa mimi, hamali niliyeishia darasa la tano. Maneno haya yatasomwa kwenye chakula cha Alhamisi. Mabega yananiuma kwa magunia ya mchele ya asubuhi, lakini kwa mtu huyu nitaandika.

Fundi alizaliwa Unguja, akamfuata mama yake Maskati mwaka 1947, akiwa tayari mtu mzima. Tangu hapo kazi yake ni kushona magunia yaliyochanika na maturubai ya kufunikia shehena. Gunia lililopita mkononi mwake ukilitupa kutoka juu ya lori, litapasuka kila mahali ila pale aliposhona yeye. Akimaliza kitu hukikunja mara nne, hukifunga kwa kamba mbili zinazopishana, kisha huchovya kijiti kwenye rangi nyekundu na kutia alama ya bohari: duara lenye mstari katikati. Kitu chenye alama ni cha kusafiri. Hamali akikiona hukibeba, haulizi.

Mkewe, Bi Kheiria, ana maneno yake ambayo Matrah nzima imeyasikia. "Mume wangu kauvisha mchele wote wa Maskati. Mie hajanivisha hata mtandio." Watu hucheka, na Fundi hucheka nao, ila kicheko chake huchelewa kidogo. Aliamini kwamba mkono wake ni mzito mno kwa nguo ya mtu. Hata kanzu zake mwenyewe hushonesha sokoni.

Ikaja Idi hii iliyopita. Mwaka huu, tangu aje Sultani mpya, mambo yamelegea, na jirani wa Fundi, Bi Masouda, akataka watoto wacheze mchezo wa kuigiza uani kwake. Aliutunga mwenyewe. Kuna Mfalme Asiyelala, anayewaficha watoto wa watu chini ya joho lake mpaka wamwimbie alale. Ufalme alipewa Muhsina, binti wa Harub, mkubwa wetu wa mahamali. Joho lilitakiwa liburure chini na lifiche watoto watatu, na kitambaa kilichokuwapo ni pazia moja jekundu lililopauka.

Bi Masouda akamwendea Fundi. Fundi akakataa, akasema mwili wa mtu si gunia. Bi Kheiria akamjibia: "Atashona. Akishindwa, nitajua niliolewa na cherehani."

Akashona. Aligeuza pazia, upande uliopauka akauweka ndani. Akaitia kola kipande cha turubai ili isimame. Karatasi ya rangi ya fedha inayotandikwa ndani ya makasha ya chai akaikata nyota, akazishona mgongoni moja moja. Tulikuwa tukipita na magunia tunapunguza mwendo ili tutazame. Asubuhi ya siku ya mwisho ya Ramadhani akamaliza, akalitazama, akaridhika. Kisha mkono ukafanya mazoea yake. Akalikunja mara nne, akalifunga kamba mbili, akatia alama, akaliweka mlangoni pa bohari ili Bi Masouda aje kulichukua.

Harub alikuwa anapakia mashua unga wa kwenda Yiti, kijiji cha pwani. Akaona alama.

Bi Masouda alipofika, mashua ilikwisha pita jabali la mlango wa bandari. Harub akaapa: "Walla, Ami Mahfoudh, mie nimeona alama!" Fundi akajibu taratibu, "Na mie ndiye niliyeitia." Ndipo Harub alipoambiwa kwamba kilichosafiri ni joho la binti yake. Mahamali hawakumwonea huruma. Mmoja alimuuliza kama na mfalme mwenyewe amekwisha mpakia, au anangoja mashua ya pili.

Bohari likafungwa kwa Idi, na cherehani ikabaki ndani. Fundi akaenda nyumbani na kusema kazi ya nguo si yake, basi. Siku hiyo Bi Kheiria hakumcheka. Alibandika sufuria kubwa jikoni. "Lete magunia matupu ya unga," akasema. "Nna manjano, nna chumvi, na jua bado lipo."

Magunia yale ya pamba yakachemshwa yakawa rangi ya dhahabu, yakaanikwa darini. Fundi akashona kwa mkono, mshono ule ule wa gunia, wa kukunja mara mbili. Macho yake siku hizi hayaoni tundu la sindano, na hiyo ndiyo sababu ya kustaafu. Bi Kheiria alikaa pembeni akimtungia uzi. Mwezi ulipoandama, joho lilikuwa tayari.

Siku ya Idi nilisimama mlangoni pa ua pamoja na wanaume wengine. Muhsina akatoka na joho lake la manjano, na mgongoni maandishi ya kinu cha unga bado yanasomeka. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Mfalme huyu anauzwa kwa ratili?" Ua mzima ukaangua kicheko. Fundi akainamisha kichwa. Watoto watatu walipotoka chini ya joho kila mmoja alivuta upande wake, mfalme akaanguka juu yao, wakabiringika wote mpaka ukutani. Muhsina akasimama, akalikung'uta joho. Hakuna uzi uliokatika. Vigelegele vikapigwa, na sauti ya Bi Kheiria ikapita zote: "Kashona mume wangu huyo!"

Safari hii kicheko cha Fundi hakikuchelewa.

Joho jekundu lilirudi kutoka Yiti baada ya wiki, linanukia udi, limefungwa pamoja na samaki wakavu wa shukrani. Watu wa huko walidhani ni tunu kutoka Matrah, wakamvisha bwana harusi. Bi Kheiria akalipokea kabla halijafika boharini. "Sasa zamu yangu," akasema. Gauni lake limekwisha katwa katika joho hilo, na nyota zinabaki.

Fundi Mahfoudh, bohari linakupa cherehani yako, na Harub mwenyewe ataibeba mpaka kwako. Tunakushukuru kwa kila mzigo uliofika mzima. Mchele umevaa vya kutosha, nenda ukawavishe watu. Mungu akupe afya na umri, na Bi Kheiria asichoke kukutungia uzi.

Mimi wiki ijayo napanda meli kwenda kwetu, na nategemea kurudi mwishoni mwa Februari, baada ya Idi Kubwa. Fundi amekwisha nipima kanzu kwa kamba ya marobota, niivae nikirudi. Namwomba jambo moja mbele yenu nyote: akiimaliza asiikunje mara nne, asiifunge, na asitie alama. Harub bado yupo mlangoni.