Mukanda Yenye Ilimuita Fanwell Prominenti

Benchi yetu ya Nchelenge ni ubao moja ya bwato yenye ilivunjika, tuliilalisha juu ya madramu mbili ya petroli, karibu na fasi samaki inashushwa. Usiicheke. Benchi ile imeamua vita mbili, ndoa makumi tatu, na bei ya samaki mpaka Elisabethville. Ba Ennie anatuuzia hapo kahawa ya Kongo, nyeusi hivi kwamba sukari ikiingia ndani inapotea njia. Mi njo nakaa katikati, juu nilisoma mpaka Sitandadi Tatu na nusu. Nusu ingine mwalimu mwenyewe aliniomba niache, nisimupite. Kwa ile bananiita Sitandadi. Kwa kuume anakaa Gazeti, jina yake ya ubatizo ni Lackson. Habari haijazaliwa bado, ye amekwisha kuisahau. Kwa kushoto anakaa Sitima, njo Chishimba, alipika kwa bazungu ba Ndola myaka kumi, anasema ishirini. Asubuhi ile, mwaka ile ya maneno ya Federesheni, njo bazungu balitaka kuunganisha inchi yetu na zao, Fanwell alikuya na mukanda, barua ya boma. Aliishika kama mutu anashika nyoka kwa mukia.

— Sitandadi, soma tena, alisema. Polepole.

Nilisoma. Mustari tatu tu, Kiingereza ya mashini. Bwana Fanwell, muvuvi prominenti ya Mweru, anaitwa boma siku ya Alhamisi, kwa mazungumuzo juu ya samaki. Alete blanketi yake. Chini kuko sahihi.

— Na prominenti ni nini?

 Ba Ennie alitoa kijiko ndani ya birika.

— Neno ile naijua, Gazeti alisema. Nimeiona mu gazeti mara tatu. Mara yote tatu, mutu alikuwa amekufa. Prominenti fulani amefariki, prominenti fulani tumemuzika. Prominenti muzima sijaona hata moja.

— Me mi sijakufa!

— Njo maana banakuita Alhamisi. Lelo ni Jumatatu tu.

Fanwell alikaa chini, kwa muchanga. Sitima akasukuma kofia yake nyuma, namna anafanya akitaka kudanganya.

— Gazeti, we unasoma, mi nimeona na macho. Kule Ndola, madamu ananiambia: Chishimba, lelo tuko na mugeni prominenti, chinja bata ya mafuta. Nikachinja.

— Alors? niliuliza.

— Alors, prominenti na bata ya mafuta ni njia moja. Mugeni ule nilimuona anaingia. Kutoka, sikumuona.

— Labda alitoka kwa mulango ingine, Ba Ennie alisema.

— Ba Ennie, we angalia moto yako. Batu banasema banyama, si ba pori, ni batu, banatembea mwaka huu, banakamata batu usiku, banabapeleka kwa bazungu. Unazania banyama banachukua mutu bila kumuchagua?

— Mi niko mukonde, Fanwell alisema. Angalia mubavu yangu. Unaweza kuihesabu.

— Haba na haba hujaza kibaba, rafiki. Sasa unaelewa blanketi? Utalala kule, utakula sukari yao, utanona polepole.

Niliona banataka kunipita. Mutu ya Sitandadi Tatu na nusu hawezi kupitwa na mupishi.

— Nyinyi bote hamujue kitu, nilisema. Neno ile mi nilifundishwa mu buku ya jiografia. Kilima prominenti! Ni kilima yenye inaonekana kutoka mbali. Na muzungu akiona kilima ya namna ile, anafanya nini?

Nilipandisha kidole juu, nikajijibu.

— Anapanda juu. Anajenga nguzo ya simiti. Anaandika namba. Muende muangalie vilima yote kwa njia ya boma, kama haiko vile, munikate sikio.

Fanwell alijishika kichwa, katikati kabisa.

— Simiti?

— Kidogo tu. Debe moja. Ikikauka hautaisikia.

— Me mi sionekane kutoka mbali! Hata bibi yangu, nikiwa mulangoni, anauliza ni nani!

Sitima alicheka mpaka kahawa ikamupita puani. Me Gazeti hakucheka. Alisogea karibu, akaongea na sauti ya chini, sawa polisi iko chini ya benchi.

— Acheni mubishano. Mi nawaambia kitu yenye kweli. Banatafuta Bafrika ba kuweka kidole kwa karatasi. Kisha gazeti itaandika: prominenti ba Mweru bamekubali Federesheni. Asubuhi yake, ziwa haiko yetu tena. Na we, Fanwell, utarudi hapa. Nani atakuuzia hata chumvi?

Ile iliingia. Simiti mutu anaweza kuicheka, me ile, hapana. Mwaka ule, mutu akionekana anaitwa-itwa na boma, asubuhi bwato yake inapatikana na tundu, na hakuna jirani alisikia kitu.

Fanwell alisimama.

— Basi. Mi navuka. Mujomba wangu iko Pweto, ngambo ya Kongo. Bwato iko pale. Felistus atabakia na batoto mpaka nitume neno.

— Haraka haraka haina baraka, bakubwa balisema, Sitima akamujibu. Kwa hiyo kimbia sasa hivi.

— Na ukikamatwa, sema haukutuona, Gazeti akaongeza.

Alikuwa amekwisha kugeuka. Me njia ilikuwa na mutu. Felistus, bibi yake, ye haiko mutu ya benchi yetu, hajakaa hapa hata siku moja. Alikuya polepole, na kasia ya bwato ile ile juu ya bega.

— Mukwai, ba Gazeti. Mukwai, ba Sitima. Mukwai, ba Sitandadi.

— Eya mukwai, mayo, tulijibu bote tatu. Mwanamuke akikuheshimu vile asubuhi, jua una kesi.

— Mi sikusoma, alisema. Prominenti siijue, na sitaki kuijua. Nauliza kitu moja tu. Juma ile yenye ilipita karani ya boma alipita hapa na buku yake. Bwana yangu alikuwa Kilwa, kisiwa ya hapa ziwani, kwa matanga ya dada yake, siku ine. Karani hakumuona. Nani alimupatia jina?

Gazeti alipuliza kahawa ndani ya kikombe yenye haikuwa na kahawa. Sitima aliangalia ziwa, anahesabu ndege. Na mi, mi mwenye naweza kuongea juu ya mvua mpaka inyeshe, niliinama kufunga kamba ya kiatu, na sikuvaa kiatu.

Niwaambie nyinyi. Hapa Mweru hakuna mutu anasema nimepata mingi. Bwato inaweza kuzama na uzito ya samaki, ukimuuliza mwenyewe atasema, tudogo tu, twa mboga, uliza ule pale. Juu sifa inaleta jicho, na jicho inapasua wavu. Donc, karani aliuliza Gazeti nani hapa ni muvuvi mukubwa. Si mi, ni Fanwell. Akauliza Sitima. Mi? Awe, hapana, ni Fanwell. Unaonyesha mutu yenye haiko, atakataa namna gani? Wakati karani alifika kwangu, Fanwell alikuwa amekwisha kupata bwato sita mu buku yake. Na munanijua, mi sipende kutoa kitu kidogo. Nilimuongezea injini. Ukweli, Fanwell iko na nusu ya bwato. Nusu ingine ni ya shemeji yake.

— Nani? Felistus aliuliza tena.

— Mi nilikuwa hapa, Ba Ennie alisema. Ni bote tatu.

Fanwell alituangalia moja moja. Hakukasirika, na ile njo ilikuwa mubaya.

— Ndugu yangu, nilisema, ilikuwa heshima.

— Heshima? Basi kuya Alhamisi, uivae we.

— Mi? Awe, Fanwell. Mi mutu mudogo sana.

Alichukua kasia kwa bega ya bibi yake, akaiegemeza kwa dramu.

— Felistus, nitafutie blanketi. Pweto siende tena. Boma balinitaja mara moja, na mwenye alinitaja aliweka sahihi. Hapa munanitaja mara tatu, kisha munaninywesha kahawa. Karani akiniuliza Alhamisi kuko nani mukubwa ingine kule Nchelenge, nitamujibu.

Balienda bote wawili. Ba Ennie alipindua birika, mudomo chini. Kama kahawa ilikuwa imekwisha, ao kama alikuwa ametukatalia, kati yetu hakuna aliuliza.